Aliyesema ni Mwenyekiti

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TATU CHA MWAKA HUU, CHA DHARURA, CHA KAMATI YA UKUMBI WA VIJANA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 14 JUNI, KATIKA CHUMBA CHA NYUMA YA JUKWAA, KUANZIA SAA NNE NA ROBO ASUBUHI

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti (mwenye duka la vifaa vya ujenzi)
Mweka Hazina (muuza vitambaa)
Mwakilishi wa Wazazi (mwenye saluni)
Mwalimu wa Hisabati (mjumbe)
Katibu (karani mstaafu wa mahakama, mwandishi wa kumbukumbu hizi, asiye na kura)

WALIOALIKWA
Mwalimu wa Maigizo
Mwanafunzi mmoja wa darasa la maigizo, msichana ambaye wenzake humwita Kimya

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Makamu Mwenyekiti (mkunga), aliyeitwa wodini alfajiri

ALIYEKOSA BILA UDHURU
Fundi umeme, ambaye ni mjumbe tangu kamati iundwe na bado anasubiriwa kwa mara ya kwanza

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGULIWA KWA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kugonga meza kwa kufuli la mlango wa jukwaa, kwa kuwa nyundo ya Mwenyekiti haijanunuliwa hadi leo. Aliketi kwenye kiti cha enzi cha maigizo, kile kilichopakwa rangi ya dhahabu, akieleza kwamba mgongo wake hauvumilii benchi. Alilalamika kwamba katika kikao kilichopita rangi ya kiti hicho iliganda kwenye suruali yake na mkewe akamuuliza alikuwa wapi. Wajumbe walicheka. Mwenyekiti alikumbusha kwamba hilo halikuwa jambo la kuchekwa, akagonga meza mara ya pili.

Kwa faida ya watakaosoma bila kuwepo, ifahamike kwamba Mwenyekiti hutanguliza kikohozi kidogo na maneno "kwa mujibu wa utaratibu" karibu kwa kila analosema, hata anapoomba maji ya kunywa. Kwa kawaida Katibu huyaacha nje ili kuokoa karatasi. Safari hii yataandikwa pale yanapohitajika.

Ajenda ilikuwa moja: darasa la maigizo la kila Jumamosi liendelee, au lifungwe na ukumbi upewe masomo ya ziada ya hisabati.

KUMB. NA. 2/3: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Mwenyekiti alitia saini bila kusoma, kama ilivyo desturi yake, akisema anamwamini Katibu kuliko macho yake. Hakukuwa na marekebisho.

KUMB. NA. 3/3: KUTANGAZA MASLAHI

Katibu alieleza kwamba mwanafunzi aliyealikwa ni mtoto wa dada yake na anaishi nyumbani kwake. Mwenyekiti aliamua kwamba Katibu aendelee kuandika lakini asifungue kinywa kuhusu ajenda. Katibu alikubali. Kule mahakamani alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, kuandika ya watu na kumeza yake, na hakudhani kwamba safari hii ingemshinda.

Mweka Hazina aliuliza kama Mwalimu wa Hisabati naye hapaswi kutangaza maslahi, maana ukumbi ukitoka kwa mmoja unakwenda kwake. Mwalimu wa Hisabati alijibu kwamba yake si maslahi, ni wito. Mweka Hazina aliomba neno hilo liandikwe kama lilivyo, na limeandikwa.

KUMB. NA. 4/3: MALALAMIKO YA MZAZI

Mwakilishi wa Wazazi alieleza kwamba mwanawe wa kiume, ambaye ni mwanafunzi wa darasa la maigizo, siku ya mtihani wa majaribio alijitupa sakafuni asubuhi akishika tumbo upande wa kulia, akitokwa na jasho na kukataa hata maji. Yeye alikimbia kutoka saluni akimwacha mteja na dawa kichwani, na hadi leo mteja huyo hasalimii. Hospitalini daktari alibonyeza tumbo, na kijana akapiga yowe mahali panapostahili. Ikaamuliwa apasuliwe kidole tumbo. Alikwisha kuvalishwa gauni la upasuaji ndipo alipokiona kitanda cha magurudumu kinakuja, akaketi na kuuliza viatu vyake viko wapi.

Mwenyekiti alimtaka Mwalimu wa Maigizo ajibu. Mwalimu aliuliza kwanza jasho lile lilitoka wapi. Mwakilishi wa Wazazi alijibu kwamba kijana alisema alikumbuka joto, kama alivyofundishwa. Mwalimu wa Maigizo alisema, kwa maneno yake mwenyewe, "Jasho? Jasho ni kazi ngumu sana hiyo." Mwenyekiti alimtaka afute kauli. Aliifuta, lakini wajumbe walikwisha kuuona uso wake, na ulikuwa uso wa mtu mwenye fahari.

Mwakilishi wa Wazazi alisema tangu siku ile kijana akilalamika kichwa, yeye hajui ampe dawa au ampe kofi. Alisema: "Mimi ndiye mama yake, jamani, na sijui tena lini ni yeye na lini anacheza." Alilia. Mweka Hazina alimpa kipande cha kitambaa kutoka mkobani. Kikao kilisimama kidogo.

KUMB. NA. 5/3: FAIDA ZA DARASA LA MAIGIZO KWA VIJANA

Mwalimu wa Maigizo aliombwa aeleze faida. Alisimama, ingawa wengine wote walikuwa wamekaa, na alikuwa ameyakariri atakayosema. Alieleza kwamba kijana anayeigiza hujifunza kusimama mbele ya watu bila kutafuta pa kujificha, kukumbuka maneno mengi kwa mpangilio, na kumsikiliza mwenzake hadi amalize, kwa sababu asipomsikiliza hatajua zamu yake imefika. Alisema hapo ndipo wengi hujifunza kwa mara ya kwanza kwamba mtu mwingine naye ana maumivu.

Alitoa mfano wa kijana mmoja mgomvi, aliyevunja dirisha la choo na pua ya mwenzake katika wiki moja. Mwalimu alimpa nafasi ya mtu anayepigwa. Kila Jumamosi alipigwa na kuanguka, akapigwa tena na kuanguka tena, mpaka siku moja alikaa pale chini hakuinuka, akauliza, "Kumbe huwa inakuwa hivi?" Baada ya hapo alikwenda kwa mwenye pua kuomba radhi.

Mwenyekiti aliuliza faida hizo zinapimwa kwa kipimo gani, maana yeye dukani kwake hauzi kitu kisichopimika. Mwalimu wa Maigizo alijibu kwamba zinapimwa kwa kusikiliza. Mwenyekiti alisema hicho si kipimo. Mwalimu wa Maigizo alisema anajua.

Mweka Hazina alisema mapazia ya jukwaa aliyatoa yeye na hajutii hata uzi mmoja, tofauti na watu waliotoa mbao zenye misumari mifupi. Mwenyekiti aliuliza watu hao ni akina nani. Mweka Hazina alisema aliyevaa kiatu ndiye anayejua kinambana wapi. Mwenyekiti aligonga meza.

Katibu alisoma ujumbe wa simu kutoka kwa Makamu Mwenyekiti: "Nikiwa msichana niliogopa hata kuitikia jina langu darasani. Leo nawaamrisha wanawake wasukume, na wanasukuma. Sauti hii niliitoa kwenye jukwaa hilo hilo mnalolijadili. Kura yangu ihesabiwe, msilifunge." Mwenyekiti aliamua kwamba kura haiji kwa simu. Ujumbe ulipokelewa kama salamu.

KUMB. NA. 6/3: OMBI LA MASOMO YA ZIADA

Mwalimu wa Hisabati alianza kwa kumsifu Mwalimu wa Maigizo kwa kipaji, bidii na moyo wa kujitolea. Mweka Hazina alinong'ona, kwa sauti iliyofika hadi kwa Katibu, kwamba mwenzetu anavishwa kilemba cha ukoka.

Mwalimu wa Hisabati alieleza kwamba wanafunzi wake hukaa kwenye korido, na waliokosa nafasi huandikia juu ya migongo ya wenzao. Mvua ikinyesha darasa limekwisha. Alisema: "Mimi siyachukii maigizo. Lakini hawa watoto wakitoka hapa hakuna atakayewauliza kama wanajua kulia. Wataulizwa cheti." Aliongeza kwamba huwaona baadaye, wale waliofeli, wakibeba mifuko ya saruji dukani kwa Mwenyekiti, na hushindwa kuwaangalia. Inaandikwa kwamba aliyasema haya kwa sauti ya mtu asiyelala vizuri, na kwamba Katibu, pamoja na yote, hakuona uongo ndani yake.

Baada ya majadiliano Mwenyekiti alipendekeza siku igawanywe: hisabati asubuhi, maigizo jioni. Mweka Hazina aliunga mkono. Mwalimu wa Hisabati hakupinga. Mwakilishi wa Wazazi alisema yuko tayari kukubali, mradi asikie kutoka kwa mtoto mmoja tu, mtoto mwenyewe na si mwalimu wake, kwamba mambo haya yana maana. Mwenyekiti alisema hilo ni jambo dogo na ndiyo sababu mwanafunzi ameitwa. Wajumbe walikuwa wameanza kukusanya mikoba. Katibu aliandika pembeni kwa penseli "limepita", na baadaye amelifuta.

KUMB. NA. 7/3: MAELEZO YA MWANAFUNZI

Mwanafunzi aliitwa kutoka benchi la koridoni. Mwenyekiti alimkaribisha vizuri na kumwambia asiogope, hawa wote ni wazazi wake. Kisha alimuuliza: "Binti, tuambie wewe mwenyewe, kwa nafsi yako. Darasa hili limekusaidia nini?"

Mwanafunzi ana kigugumizi. Wajumbe hawakuwa wakijua, kwa kuwa hawakuwahi kumsikia. Alianza na herufi D, huenda ya neno "darasa", na hakufika herufi iliyofuata. Kikao kilisubiri. Mwakilishi wa Wazazi alitazama kucha zake. Mwalimu wa Hisabati, kwa nia njema, alijaribu kummalizia neno, na Mweka Hazina akamwambia anyamaze. Mwanafunzi alijaribu tena, kwa nguvu, hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mwenyekiti alisema kwa upole, "Basi, mama, basi. Kaa."

Mwakilishi wa Wazazi alisema hana neno, ila kama darasa linafundisha kusema, wajumbe wameona.

Mwalimu wa Maigizo aliomba mwanafunzi aruhusiwe kujibu akiwa ndani ya nafasi yake katika mchezo, akieleza kwamba akiwa mtu mwingine hasemi hivi. Mwenyekiti alijibu kwamba hiki ni kikao, si jukwaa. Mweka Hazina aliuliza: kama Mwenyekiti mwenyewe amekalia kiti cha enzi cha mchezo, jukwaa linaanzia wapi na kikao kinaishia wapi? Wajumbe walicheka, na Mwenyekiti, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kuchekwa mara moja, alikubali kwa neno moja: "Haya."

Mwalimu wa Maigizo hakueleza ni nafasi gani. Vijana walikuwa wakitunga mchezo kuhusu kamati ambayo imekataza watu kusema mpaka waruhusiwe, na hakuna tena anayekumbuka ruhusa inatolewa na nani. Mwanafunzi alikuwa amepewa nafasi ya mwenyekiti wa kamati hiyo. Ukuta wa chumba hiki ni wa mbao nyembamba, na kila kamati inapokutana wanafunzi husubiri nyuma yake.

Mwalimu alimwambia, "Haya, ingia."

Mwanafunzi alifuta viganja kwenye sketi. Alikwenda mezani, akalichukua kufuli mbele ya Mwenyekiti, akakohoa kikohozi kidogo, akagonga. Alisema: "Ndugu wajumbe, kwa mujibu wa utaratibu, nyamazeni niseme."

Hakukwama popote. Ilikuwa sauti ya Mwenyekiti, na kikohozi cha Mwenyekiti, na kidevu kilivyoinuliwa kidogo ili macho yapite chini ya miwani ya Mwenyekiti, ambayo mwanafunzi hakuwa ameivaa. Wa kwanza kucheka alikuwa Mwakilishi wa Wazazi, machozi yake ya mwanzo yakiwa bado hayajakauka. Mweka Hazina alicheka mpaka akashika meza. Mwalimu wa Hisabati alijiziba mdomo. Katibu hakucheka kwa sababu alikuwa akiandika.

Hadi hapo yalikuwa maneno ya mchezo. Yaliyofuata hayamo kwenye mchezo, kama Mwalimu wa Maigizo alivyothibitisha baadaye. Yanaandikwa neno kwa neno, kama Katibu alivyozoea kuandika ushahidi:

"Ndugu wajumbe, nje ya mlango huu kuna msichana. Mimi Mwenyekiti namfahamu. Si bubu. Ana maneno kutushinda sisi sote, ila akitaka kuyatoa watu wanamtazama mdomo. Wanamsubiri. Wengine wanamwonea huruma wanammalizia, wanammalizia vibaya, naye anaitikia tu ili yaishe. Siku moja alitumwa sukari. Akakwama kwenye S. Muuzaji akampa sabuni, akaipokea, akarudi nayo nyumbani. Alipoulizwa, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo aliyoitaka. Jumamosi tu, humu ndani, anakuwa mtu mwingine, na mtu mwingine hakuna anayemsubiri. Basi maneno yanapita. Sasa, ndugu wajumbe, kwa mujibu wa utaratibu, naomba mnijibu. Mkiufunga mlango huu, huyu msichana atakuwa nani?"

Hakukuwa na aliyekuwa akicheka tena. Mwanafunzi aliliweka kufuli mezani, akaligeuza liangalie upande wa Mwenyekiti kama alivyolikuta, akarudi kwenye kiti chake. Katibu anaikumbuka sabuni hiyo.

Mwenyekiti alilivuta kufuli karibu yake. Kisha alisema: "Nimefanywa kichekesho." Mwalimu wa Maigizo alieleza kwa haraka kwamba mwigizaji hamsomi mtu asiyemheshimu, na kwamba yeye alidhani Mwenyekiti angefurahi. Inaaminika kwamba alisema kweli. Hakuna mtu mwingine chini ya jua angeweza kudhani hivyo ila mwalimu wa maigizo.

Mwenyekiti alisema, na hakukohoa kwanza: "Ukumbi huu mvua ikiingia naufagia mimi. Vitasa nimetia mimi. Silipwi, sishukuriwi. Na kikohozi hiki mnachokicheka ni cha saruji. Miaka yote hiyo nakula vumbi la saruji, leo watoto wamekaa nyuma ya ukuta wanakisoma kikohozi changu ili wakichezee." Mweka Hazina aliinamisha kichwa.

Mwanafunzi aliinua mkono kutaka kusema. Mwenyekiti hakuuona, au aliuona.

Mwakilishi wa Wazazi alisema hili ndilo hasa analolilalamikia. Huyu naye hajulikani yupi ni yeye, yule wa D au huyu wa kufuli. Aliuliza: "Kama anaweza kusema namna hii, kwa nini hasemi?" Mwenyekiti aliunga mkono swali. Alisema ama kigugumizi ni maigizo ama usemaji ni maigizo, na kwa vyovyote kamati imedanganywa. Mwalimu wa Maigizo alijaribu kueleza, akaeleza sana, na kila alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kufungwa. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Katibu aliinua mkono. Mwenyekiti alimkumbusha KUMB. NA. 3/3. Katibu aliushusha.

Yasiyosemwa hayaandikwi. Kwa hiyo haiandikwi hapa kwamba kigugumizi hicho hakijachezwa hata siku moja, na kwamba mtoto huyu amewahi kujing'ata ulimi hadi ukatoka damu akijaribu kutaja jina la mama yake. Haiandikwi kwamba tangu aanze maigizo, nyumbani mezani huomba chumvi kwa sauti ya bibi kizee wa mchezo wa kwanza, na humgombeza paka kwa sauti ya askari, na kwamba mjomba wake amejifunza kumjibu bibi kizee "shikamoo" na askari "ndiyo afande", bila kucheka, kwa sababu baada ya miaka ya sahani na vijiko kugongana tu, nyumba ile ilikuwa imepata watu. Haiandikwi kwamba mwezi uliopita, akiosha vyombo, alisema "mjomba, maji yamekatika" kwa sauti ambayo haikuwa ya bibi wala ya askari, na mjomba alikaa kwenye ngazi ya nyuma asijue afanye nini na furaha ile. Katibu hakupewa nafasi ya kuyasema hayo, kwa hiyo hayamo.

Mwenyekiti alimwagiza Katibu afute yaliyosemwa na mwanafunzi na aandike kwamba mwanafunzi hakusema kitu, kwa kuwa hakusema kwa nafsi yake. Katibu aliuliza, kwa upande wa utaratibu tu na si ajenda, kama si mwanafunzi aliyesema, basi maneno yaliyosikika ni ya nani. Mwenyekiti alijibu: "Si yake. Mwenyewe ameyasema akiwa mwenyekiti. Andika hivyo, tuendelee."

Imeandikwa kama ilivyoagizwa. Mwanafunzi hakusema kitu. Aliyesema ni Mwenyekiti, na maneno ya Mwenyekiti, kwa mujibu wa utaratibu, hayafutwi.

KUMB. NA. 8/3: KURA

Mwenyekiti aliliondoa pendekezo lake la kugawanya siku. Mweka Hazina aliomba lirudishwe, akasema amefanya kosa kucheka vile na anaomba kosa lake lisimwangukie mtoto. Mwenyekiti alisema maji yakimwagika hayazoleki.

Waliotaka darasa la maigizo lifungwe: Mwenyekiti, Mwakilishi wa Wazazi, Mwalimu wa Hisabati. Aliyetaka liendelee: Mweka Hazina. Mwalimu wa Hisabati aliinua mkono wake nusu, na Mwenyekiti alimuuliza kama huo ni mkono au anajikuna. Aliuinua wote.

Iliamuliwa kwamba mlango wa jukwaa ufungwe siku hiyo hiyo kwa kufuli lililopo mezani. Mavazi, kofia na vioo vitolewe nje kupisha madawati, isipokuwa kiti cha dhahabu, ambacho kitabaki kwa ajili ya mgongo wa Mwenyekiti. Mwalimu wa Maigizo alishukuriwa kwa mchango wake. Aliuliza kama anaweza kuwaaga wanafunzi. Ilielezwa kwamba watatangaziwa.

KUMB. NA. 9/3: MENGINEYO

Mwenyekiti alisema hatafunga kikao kabla mwanafunzi hajaomba radhi. Alisema hana kinyongo, yeye ni mzazi, na neno moja tu linatosha. Alisisitiza kwamba aliseme kwa nafsi yake, si kwa sauti ya mtu.

Mweka Hazina alisema, "Mwenyekiti, kwa heshima, mwache mtoto." Mwenyekiti alisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na alipokuwa akisema hivyo alimtazama Katibu. Katibu aliendelea kuandika. Hilo ndilo jambo pekee alilolijua kufanya, na aliona haya nalo, na anaona haya hata sasa anapolinakili.

Mwanafunzi alisimama. Alimtazama Mwalimu wa Maigizo, ambaye alikuwa akitazama sakafu. Akamtazama mjomba wake. Kisha alimgeukia Mwenyekiti, akafungua mdomo na kuanza na herufi S.

Kikao kilisubiri. Mwalimu wa Hisabati alifungua kinywa kumsaidia akakifunga. Mwakilishi wa Wazazi alikuwa ameacha kutazama kucha, akawa anamtazama mtoto usoni, na ilionekana kwamba anataka kusema jambo. Hakulisema. Nje wanafunzi wa hisabati walikuwa wamekwisha kuanza kuingiza madawati, na miguu ya madawati ilisikika ikikwaruza sakafu ya ukumbi. Mwenyekiti alitazama saa. Alikohoa.

KUFUNGWA KWA KIKAO

Kufuli liligongwa mezani na kikao kikafungwa saa saba kasorobo mchana. Mwanafunzi alikuwa bado kwenye herufi ya kwanza.

Kumbukumbu hizi zilipelekwa dukani kwa Mwenyekiti Jumatatu. Alizitia saini juu ya mfuko wa saruji, bila kusoma, akisema anamwamini Katibu. Aliuliza pia habari za mtoto. Katibu alijibu kwamba hajalalamika.

Saini ya Mwenyekiti: (imetiwa)

Saini ya Katibu: (imetiwa)